Mimi na Mwanahawa kwenye Dirisha la Dawa

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Uvira, na sasa naishi Durban, mtaa wa Greyville, ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake haijawahi kufanya kazi tangu tuhamie. Naanza na ngazi za jengo hilo kwa sababu ndizo zilizonijulisha habari yangu kabla ya daktari yeyote. Nilikuwa nazipanda na vitambaa vya wateja kichwani huku naongea na simu. Halafu nikaanza kuzipanda bila kuongea. Halafu nikaanza kusimama katikati, nimeshika ukuta, najifanya natafuta ufunguo ili jirani asinione nikihema.

Nawaandikia wale ambao sasa hivi wanasimama hapo katikati. Mambo ya moyo na mishipa yake waulizeni madaktari. Mimi nitasimulia yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Miguu ilivimba kwanza. Ikafika mahali viatu vyote vikanikataa, nikawa naenda kanisani na ndala za mume wangu. Mume wangu anaitwa Bahati. Analinda magari kwenye maegesho ya maduka huko Westville, ambako kila mtu ana gari, na anarudi jioni na rifleta yake, kile kizibao cha kung'aa, imejaa jasho. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali siku niliposhindwa kumaliza kufunga zipu ya gauni la bibi harusi. Walinilaza siku ileile. Waliniambia vali moja ya moyo imeharibika, pengine tangu utotoni, na kwamba wangeitoa na kuweka nyingine ya chuma.

Nilipasuliwa wakati wa baridi. Nilipoamka nilikuwa na mshono mrefu katikati ya kifua, na ndani yake kulikuwa na sauti. Tik, tik, tik. Nilidhani ni mashine ya mgonjwa wa jirani. Sista, muuguzi wa Kizulu mwenye mikono ya joto, alicheka kidogo akagusa kifua chake mwenyewe kunionyesha kwamba sauti ile ni yangu.

Nyumbani Bahati aliisikia pia. Baada ya wiki chache akaanza kulala chini, kwenye godoro la binti yetu Neema, naye Neema akaja kwangu kitandani. Niliumia sana. Niliona kwamba mwili wangu umemchosha. Nilikaa na uchungu huo mpaka siku moja Neema akaniambia kwamba baba yake hakimbii sauti. Baba alimweleza kwamba akilala karibu nami hapati usingizi, kwa sababu anaisubiri tik inayofuata, na kila inapochelewa kidogo yeye naye anaacha kupumua.

Mtu mwenye vali ya chuma anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Dawa hiyo ina masharti yake. Sombe, yaani majani ya muhogo, ambayo kwetu ni chakula cha kila siku, nikaambiwa nile kwa kipimo kilekile kila wiki, nisizidishe wala kupunguza, maana majani hubadilisha nguvu ya dawa. Nikigonga mkono kwenye meza kidogo tu, ngozi inaota alama nyeusi kubwa kama sahani. Kanisani kina mama waliziona alama hizo mikononi mwangu, wakamwita Bahati pembeni kumwuliza kwa nini ananipiga. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na mimi nilipojua kilichotokea nilienda Jumapili iliyofuata nikaeleza mbele ya wote, nimefungua vifungo viwili vya juu ili waone mshono.

Kuna jambo jingine, nalo nitalitaja kwa kifupi. Daktari alisema nisishike mimba nikiwa kwenye dawa ile, na dawa ile haina mwisho. Mama yake Bahati hupiga simu kutoka Uvira kumwulizia mjukuu wa kiume. Bahati humjibu kwamba mtandao unakatika.

Kazi nayo iliondoka. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na nilikuwa nikikanyaga mshono mmoja naona giza. Wateja walisubiri, wakachoka, wakachukua vitambaa vyao. Lakini pale hospitali, kwenye dirisha la kufungulia faili, karani alikuwa ameandika kwamba nyumba yetu ina mtu mwenye kazi, kwa hiyo nikawekwa kundi la wanaolipa. Kila nilipokwenda kupima damu nililipa, na kila nilipochukua dawa. Na damu ile ilitakiwa kupimwa mara kwa mara. Bahati hakuwahi kusema kwamba hana. Alikuwa anaacha tu kupanda taxi wakati wa kurudi, anatembea kutoka Westville, anafika giza limeingia. Nilipoliona hilo nikaanza kuruka siku za kupima. Nikijisikia vizuri, nilijiambia, ya nini niende.

Sista yule wa mikono ya joto ndiye aliyenikamata. Siku hizo alikuwa amehamishiwa kliniki ya kupimia damu. Aliangalia faili langu, akaona mapengo, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama nimechoka kuishi. Nikamwambia ukweli. Akanieleza kitu ambacho sikuwa nimekisikia popote, si kanisani wala kwa majirani: kwamba mtu anayepokea posho ya ulemavu, ile ambayo hapa wote tunaiita granti, hawekwi tena kundi la wanaolipa. Kupima bure, dawa bure. Na kwamba mkimbizi mwenye karatasi iliyo hai, kama sisi, anaweza kuiomba kama mwenyeji.

Nilirudi nyumbani na habari hiyo nikidhani Bahati atafurahi. 

"Banasema ulemavu," alisema. "Mke wangu si kilema. Iko mgonjwa. Atapona."

Nilimjibu kwamba sitapona kwa namna anayofikiria yeye. Kwamba nitaishi, ila mguu wangu hautakanyaga tena kama zamani. Tulikosana kwa neno hilo, ulemavu, wiki nzima. Nadhani hakukataa posho. Alikataa mimi kuandikwa mahali na muhuri juu yake, maana tulikotoka kuandikwa ni jambo baya.

Nilikwenda bila yeye. Ilikuwa masika ya huku, baridi inapoisha, upepo unabadilika kila saa na mvua inanyesha jua likiwaka. Nilipanga foleni tangu asubuhi na watu wenye magongo, vipofu walioshikwa mikono na watoto wao, mzee mmoja aliyekuwa akitikisika mwili mzima. Mimi niliyesimama nimenyooka niliona aibu, kama mwizi wa nafasi yao. Daktari wa kukagua aliniambia nipande kijingazi cha mbao nishuke, nipande nishuke. Nikafanya mara chache, akaninyanyulia mkono niache. Alikuwa ameisikia. Chumba kilikuwa kimya na tik ilikuwa inakimbia.

Jibu lilikuja wakati wa joto kali, baada ya mwaka mpya. Nilikubaliwa, lakini kwa muda, si milele. Ikiisha, uanze tena. Nilipeleka barua kwa karani wa hospitali, akabadilisha kundi langu bila hata kunitazama usoni. Kwenye dirisha la dawa mfamasia alinisukumia mfuko, nami nikasimama palepale nikisubiri anitajie bei. Akanitazama. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Ndipo akaniambia kwa upole kwamba nimemaliza, niende. Nikatoka nje nikakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua.

Sasa nimtaje Mwanahawa.

Nilimkuta kwenye benchi la kupimia damu miezi michache kabla ya granti yangu. Alikuwa Mtanzania, mtu wa Muheza, huko Tanga, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Alifanya usafi na kupika kwenye nyumba moja ya Glenwood iliyopangishwa wanafunzi. Naye alikuwa na vali ya chuma, aliwekewa miaka mingi kabla yangu. Tulijuana kwa sauti. Siku moja chumba kilitulia, tukasikia vifua vyetu vikipishana, cha kwake na cha kwangu, akaziba mdomo kwa mkono kuficha kicheko.

"Shoga, wewe wako unakimbia," aliniambia. "Wangu mvivu, kama mwenyewe."

Tangu siku hiyo tulipangiana tarehe zilezile. Alikuja na machungwa kwenye mfuko wa kitenge, anayamenya kwa kucha ganda lisikatike, ananipa vipande, na kila mara analalamika kwamba ya huku hayana utamu wa Muheza. Yeye ndiye aliyenifundisha kubonyeza pamba mkononi muda mrefu baada ya sindano ili alama isikue. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba huzuni ya baada ya upasuaji huwapata wengi na si wazimu. Mume wake alikuwa amefariki zamani. Alikuwa na kaka yake Johannesburg, wanapigiana simu siku za Idi.

Nilipomweleza habari ya granti alinipongeza kwa moyo wake wote, akanishika mashavu. Yeye hakuwa mkimbizi. Alikuja kwa pasipoti, kibali chake kilikwisha, na mwenye nyumba aliyemwahidi kumfanyia mpango wa kibali kipya hakuufanya. Kwa hiyo granti haikuwa ya kwake. Kwenye dirisha la faili karani mmoja aliwahi kumwambia, mbele ya foleni yote, kwamba wageni wanalipa kila kitu, na kama hawezi arudi kwao. Tangu hapo hakulikaribia tena dirisha lile kuuliza lolote. Alilipa anapoweza.

Na asipoweza? Nilimwuliza hivyo. Akaniangalia juu ya miwani.

"Nakunywa leo, kesho napumzika, keshokutwa nakunywa," alisema. "Mbona nipo?"

Nilijua maana yake. Wote wenye chuma kifuani tunaijua. Damu ikigandia pale, hakuna onyo. Nilimtolea pakiti moja kutoka mfuko wangu nikaiweka mapajani kwake, nikamwambia tutagawana, mimi nitasema nimepoteza. Aliirudisha kwenye mfuko wangu, akaufunga fundo.

"Usinipe, Mapendo. Ukinipa tutakufa wawili, na wewe una mtoto."

Hakulisema kwa ukali. Akaendelea kumenya chungwa.

Nilimwendea sista. Nilimwuliza, bila kutaja jina, mtu asiye na granti na asiye na karatasi afanye nini. Akashusha sauti. Alisema kwamba ghorofa ya chini, karibu na chumba cha mazoezi ya viungo, yuko ofisa wa ustawi wa jamii, mama mtu mzima, na kwamba yeye anaweza kumhoji mgonjwa kuhusu kipato chake na kumwombea kundi la wasiolipa. Si lazima awe na granti. Lakini lazima aende mwenyewe, aseme ukweli wake.

Nilimpelekea Mwanahawa habari hiyo kama mtu aliyebeba maji ya moto, nikiogopa yasije yakapoa. Aliogopa. Alidhani akiingia ofisi yenye mlango wa kufungwa wataomba kibali, na akitoa kibali kilichokufa watawaita polisi. Akasema tungoje Ramadhani ipite. Daktari alimkataza kufunga, naye alifunga hivyo hivyo. Aliniambia asipofunga hatajijua yeye ni nani katika nchi hii. Baada ya Idi akasema tungoje Pasaka ipite, kwa sababu wanafunzi wakienda likizo ndipo anasafisha nyumba nzima. Sikumlaumu, na sasa pia simlaumu. Mimi nilikuwa na karatasi mkononi nilipokwenda kuomba, na hata hivyo niliogopa.

Tulikwenda pamoja wakati joto limeanza kupungua. Alivaa baibui yake nzuri. Nilimshika mkono tukashuka hadi chini. Mlango ulikuwa umefungwa na kijana wa mapokezi akatuambia yule mama yuko likizo, akirudi ana watu wengi wanaomsubiri. Akatupa tarehe. Ilikuwa mbali, ndani ya majira ya baridi. Mwanahawa alishukuru kama mtu aliyepata alichotaka. Njiani kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, alisema afadhali, hata hawakuuliza kibali.

Wiki zile nilimpigia simu kila siku kumwuliza kama amekunywa dawa. Alikuwa ananijibu ndiyo. Sijui siku zipi zilikuwa za kweli.

Asubuhi moja simu yake ilipokewa na sauti ya msichana. Alikuwa mmoja wa wale wanafunzi. Alisema Mama Hawa ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, ambulensi imemchukua. Nilimpigia Bahati. Aliacha magari ya watu, akaja, akaniingiza kwenye taxi, akapanda nami.

Tulimkuta wodini. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umelala. Alinitambua. Alitaka kusema, ikatoka sauti isiyo neno, akaona kwamba haikutoka, akafumba macho. Nilikaa naye siku hiyo na siku zilizofuata. Nilimmenyea chungwa, nikamkamulia matone kwenye midomo, maana hakuweza kumeza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unashika wa kwangu na kuuachia, unashika na kuuachia. Wodi ilipokuwa imetulia nilisikia moyo wake. Ulikuwa na sauti ya kuburuta, kama mlango unaokwama.

Alifariki wiki moja kabla ya tarehe yake.

Kaka yake alikuja kutoka Johannesburg, mtu mpole aliyefanana naye pua. Waislamu wa msikiti mmoja wa jirani walimsitiri kwa heshima bila kutudai chochote. Wanaume walikwenda makaburini, na sisi wanawake tulibaki kwenye nyumba ya Glenwood na wale wanafunzi, wasichana wa Kizulu na wa Kihindi ambao hawakujua la kufanya. Walikuwa wamepika chai nyingi kupita kiasi. Mmoja wao aliniuliza kama Mama Hawa alikuwa anaumwa siku zote. Hawakujua. Alikuwa akiwapikia kila siku, na hawakujua.

Wiki ileile granti yangu ikafika mwisho wake. Nilikuwa nimekwisha kuomba upya lakini jibu halijaja. Kwenye dirisha la faili karani alinirudisha kundi la wanaolipa, na dawa zangu zilikuwa zimebaki chache. Nilisimama pale na faili mkononi nikaona kwamba sina nguvu ya kubishana. Bahati, ambaye hakuwahi kunisindikiza kwa jambo lolote la granti, siku hiyo alikuwa nami. Aliniuliza tarehe ya Mwanahawa kule chini ilikuwa lini. Nikamwambia kesho.

"Basi kesho tunaenda," alisema.

Sikuelewa alichokusudia. Mimi nilidhani tunakwenda kumwambia yule mama kwamba mtu wake hatakuja, ili asimsubiri. Na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilipoingia aliita jina la Mwanahawa, akiwa ameinamia daftari lake. Nilimwambia mimi siye, na kwamba mwenyewe tumemzika. Alivua miwani. Akaniuliza alikuwa na hali gani. Nikaeleza yote: kazi yake, kibali, siku za kunywa na siku za kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningempitisha," alisema, kwa Kiingereza, polepole ili nielewe. "Mimi siulizi kibali. Nauliza mtu anaishije. Angechukua dawa siku hiyohiyo."

 Niliinuka niondoke. Bahati, aliyekuwa amesimama nyuma yangu karibu na mlango, akanishika bega akanirudisha kwenye kiti. Akamwambia yule mama, kwa Kiingereza chake cha maegesho, kwamba mke wake pia ana moyo wa chuma, granti yake imekatika kwa muda, na dawa zinamwishia. Akasema, mke wangu ni mlemavu. Alilisema neno hilo waziwazi, mbele yangu, kwa mara ya kwanza.

Yule mama alitutazama wote wawili, kisha akavaa miwani. Muda uliokuwa wa Mwanahawa ukawa wa kwangu. Aliniuliza tunaishi wangapi, nani anapata nini, tunakula nini. Nilijibu kila swali huku najua ni maswali gani Mwanahawa angejibu na angejibuje, na mahali gani angeziba mdomo kwa mkono. Yule mama akaandika, akapiga simu juu, na mchana mfamasia akanisukumia mfuko. Safari hii sikusimama kusubiri bei.

Granti yangu ilirudi baadaye. Bado ninayo, na bado ni ya muda. Mkiambiwa dirishani kwamba mnalipa, ulizeni ofisa wa ustawi yuko wapi, na akiwa likizo ulizeni nani anakaimu nafasi yake, siku hiyo hiyo. Sisi hatukujua kuuliza hivyo. Tulipokea tarehe, tukashukuru.

Jioni ya siku ile tuliyotoka kwa ofisa nilipanda ngazi polepole, Bahati akinisukuma mgongoni kwa kiganja. Saa ya dawa ilipofika nilikaa mezani na kidonge mbele yangu, nikashindwa kukigusa.  Niliona nikikimeza nitakuwa nimekubali kwamba mambo ya Mwanahawa yameishia hivi.

Bahati alileta maji. Alikichukua kidonge akakiweka katikati ya kiganja chake, akaninyooshea.

"Meza, Mama Neema," alisema. "Meza kwanza, halafu utalia."

Nikameza. Halafu nikalia.